Mtumba ulifika kabla ya treni: historia ya nguo zetu Katavi (sehemu ya 1 mpaka ya 6)

SEHEMU YA 1: NENO LENYEWE

Wamama wenzangu wa Mpanda, Inyonga, Usevya, Karema, Mishamo na kote mnakosoma, mmezoea nawaandikia mambo ya kliniki: chanjo, kunyonyesha, lishe ya mtoto. Wiki hii nataka tuongee nguo. Zile tunazochambua chini pale sokoni, kanga tunazobebea watoto, vitenge vya sherehe. Vilifikaje huku kwetu, na nani alilipa bei gani? Mkifika sehemu ya 6 mtaona kwa nini nesi anahangaika na habari za nguo.

Tuanze na neno lenyewe, mtumba. Leo ukisema mtumba kila mtu anajua ni nguo iliyokwishavaliwa na mtu Ulaya au Marekani, ikafungwa kwenye belo, ikaja kwetu. Wengi wanadhani ni neno la miaka ya themanini. Kumbe ni la zamani sana. Kamusi za Kiswahili walizoandika wamisionari kwenye miaka ya 1800 tayari zinalo, na maana yake ilikuwa robota la nguo lililofungwa vizuri kwa ajili ya mpagazi wa msafara. Mzigo wa mtu mmoja, kama kilo 30 hivi, begani au kichwani, kutoka pwani mpaka bara.

Na nguo zilizokuwa ndani ya robota hilo zilikuwa mpya kabisa. Kwa hiyo mtumba haukuwa na maana ya nguo kuukuu. Ulikuwa nguo iliyotoka mbali ikiwa imefungwa.

Msafara ukitoka Bagamoyo ulitembea miezi miwili, mitatu, kufika Tabora. Kutoka Tabora njia ziligawanyika: nyingine Ujiji, nyingine zikashuka kusini magharibi kupitia Ukonongo, yaani upande wa Inyonga, kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa anamtafuta Livingstone, njia ya kawaida ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo. Akazunguka huku kwetu, kupitia Ukonongo na Ukawendi. Na alichobeba kwa wingi kuliko chakula kilikuwa nguo, kwa sababu nguo ndiyo iliyokuwa pesa.

Nguo ilihesabiwa kama sisi tunavyohesabu shilingi. Kulikuwa na mkono, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kulikuwa na shuka, yadi 2. Doti ilikuwa shuka mbili, yaani yadi 4. Halafu jora, kitambaa kizima. Stanley aliambiwa kabla hajaondoka pwani kwamba doti 10 kwa siku zingetosha kulisha watu 100. Fikiria sasa, doti moja chakula cha watu kumi! Leo tukisema "nipe doti ya kanga" tunatumia kipimo cha wale wapagazi, ila wengi wetu hatujui.

Kesho tuone kabla ya mtumba wa kwanza watu walivaa nini.

SEHEMU YA 2: MAGOME, PAMBA YA RUKWA NA MERIKANI

Kuna usemi unaokera kidogo, kwamba wazee wetu walikuwa uchi mpaka mzungu alipofika. Si kweli, tuliweke sawa.

Misitu yetu ya miombo ina miti ambayo gome lake likivuliwa, likalowekwa na kupigwapigwa kwa nyundo ya mti, linalainika na kuwa nguo. Watu wa huku walivaa nguo za magome na ngozi za wanyama. Na kule Bonde la Ziwa Rukwa na Ufipa watu walilima pamba, wakasokota nyuzi kwa mkono, wakafuma nguo kwenye mtambo uliotandazwa chini ardhini. Nguo ile ilikuwa nzito na imara. Wasafiri wa miaka ya 1800 waliandika habari zake. Kwa hiyo majirani zetu, na Wapimbwe waliokuwa wanakaa mlango wa bonde hilo, walijua nguo ya kufumwa kabla ya duka lolote kufunguliwa.

Tatizo lilikuwa muda. Kusokota, kufuma, kumaliza shuka moja ilikuwa kazi ya siku nyingi. Halafu ikaja merikani.

Merikani ni pamba nyeupe isiyo na rangi. Jina linatokana na Marekani, maana ilifumwa na mitambo ya huko, hasa jimbo la Massachusetts, ikaletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa mji wa Salem. Sultani Seyyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na baada ya hapo merikani ikatawala bara lote. Ilikuwa nyepesi, kipimo chake kilijulikana, na mpagazi mmoja aliweza kubeba nyingi. Nguo ya kusokota kwa mkono ingeshindanaje na hiyo?

Sasa hapa naomba msome taratibu. Pamba iliyofumwa Massachusetts ililimwa na kuchumwa na watumwa weusi kusini mwa Marekani. Watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Nguo ile ikavuka bahari, ikapanda begani kwa wapagazi, ikafika huku ikanunua pembe za ndovu, na ikanunua watu pia. Mkononi ilikuwa nyeupe na safi, lakini ilikuwa imepita kwenye utumwa mara mbili.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vilikata pamba hiyo. Nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Watu wa bara hawakuambiwa chochote. Waliona tu kwamba kitambaa kimebadilika na bei imebadilika. Mliouliza kwa nini bei ya belo inapanda ghafla bila sisi kufanya kosa lolote, jambo hilo halijaanza leo.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa afya, siwezi kupita Karema bila kumtaja Adrian Atiman. Kituo cha Karema kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, kikakabidhiwa kwa mapadre Wazungu (White Fathers) mwaka 1885. Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa, akakombolewa na mapadre hao, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta. Alifika Karema akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 kwenye kituo kimoja! Mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa ndiye aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa mwambao wetu wa ziwa. Wazee wa Karema bado wanalijua jina lake.

SEHEMU YA 3: KANGA, NGUO YA HESHIMA

Leo ni zamu ya kanga, na najua hapa wote mtakuwa na la kusema.

Enzi za misafara kulikuwa na nguo ya mnyonge na nguo ya mwenye nafasi. Pwani, mtumwa mwanamke alivaa merikani, au kaniki, ambayo ni pamba iliyotiwa rangi ya bluu nzito karibu na nyeusi. Ukimwona mtu na kaniki ulijua cheo chake bila kuuliza.

Kwenye miaka ya 1870 na 1880 wanawake wa Zanzibar na Mombasa wakabuni kitu. Kulikuwa na leso za Kireno, vile vitambaa vya mkononi vya rangi, vikiuzwa vikiwa havijakatwa, vimeungana kwenye jora. Wanawake wakanunua sita kwa pamoja, wakakata tatu tatu, wakashona safu mbili ikawa nguo moja pana ya kujifunga. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Wafanyabiashara walipoona wanawake wameipenda, wakaagiza itengenezwe nzima nzima, ikiwa na pindo, mji wa katikati na baadaye jina, yaani yale maneno. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mfanyabiashara mmoja maarufu wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kama Mali ya Abdulla, jina la familia yake bado linasomeka kwenye kanga sokoni.

Angalieni jambo moja hapo. Kanga haikubuniwa na kiwanda. Ilibuniwa na wanawake kwa mkasi na sindano, wakitumia kitu cha bei nafuu kilichokusudiwa kazi nyingine. Kiwanda kikafuata.

Mwaka 1897 ilitoka amri ya kufuta utumwa Zanzibar. Wanawake waliokuwa watumwa wakaanza kuachana na kaniki na kuvaa kanga za rangi. Hawakuwa wanajionyesha tu. Walikuwa wanasema: mimi si mali ya mtu. Kwa mtu aliyelazimishwa kuvaa kaniki maisha yake yote, doti moja ya kanga ilikuwa tangazo.

Kwa biashara, kwa ndoa na kwa wafanyakazi waliohamishwa vituo, kanga ikatambaa bara mpaka huku. Na huku ikapata kazi ambazo waliobuni labda hawakuziwaza. Tunambebea mtoto mgongoni, tunafungia fedha kwenye ncha, tunajitanda msibani, tunampa bibi harusi. Ukienda kujifungua unaambiwa uje na kanga safi. Moja ya kutandika, moja ya kujifunga, moja ya kumpokelea kichanga. Hakuna mwanadamu wa Mpanda ambaye nguo yake ya kwanza haikuwa kanga au kitenge cha mama yake.

Na kuna kazi mpya zaidi. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Colombia, madaktari walikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwatia joto. Wakaanza kuwaweka watoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakawafunga hapo. Njia hiyo imeenea dunia nzima, kwetu tunaiita kangaruu. Huko kwingine wana nguo maalumu za kumfungia mtoto. Sisi? Tuna kanga na kitenge. Mtoto wa kilo moja na nusu, ambaye zamani angehesabiwa hana bahati, anakaa kifuani amefungwa na kitambaa cha mama yake, anapata joto, ananyonya, anaongezeka gramu kwa gramu. Nawaambia, nikiona vile, sidharau tena nguo yoyote.

SEHEMU YA 4: TRENI, ZIWA NA VITENGE

Mji wetu ulikua kwa sababu ya madini. Baada ya Vita Kuu ya Pili mgodi wa risasi ulikuwa unafunguliwa Mpanda. Risasi hii ni ile metali nzito, siyo ya bunduki. Ili kuitoa, serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, kiasi cha kilomita 210, likafunguliwa mwaka 1950. Mgodi wenyewe haukudumu, ulifungwa baada ya kama miaka kumi. Reli ikabaki. Tuliobaki nayo tukaijaza sisi wenyewe, na magunia ya mahindi, mpunga, asali na mitumba.

Aliyewahi kusafiri na treni ya Mpanda na mtoto mdogo anajua. Mabehewa yanatembea taratibu kwenye pori, unavuka mto Ugalla, kwenye stesheni wanakuja wauza karanga, asali, mihogo na kuku. Ukikaa karibu na mfanyabiashara wa nguo una bahati, maana safari ni ndefu na mzigo unaanza kufunguliwa humo humo ndani. Blauzi inapita mkono kwa mkono, kila mama anatoa maoni, "hii itakufaa shoga, ila punguza kiuno." Sasa lami ipo na mabasi yapo, safari ya Tabora si ya kulala njiani tena. Lakini wengi wetu nguo ya kwanza ya Krismasi au Idi ilikuja na treni, na tulijua siku ya kuisubiri stesheni.

Upande wa magharibi kuna ziwa, na ziwa nalo lilileta nguo. Meli ya Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na adui, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Kwa miongo mingi ilipita mwambao ikisimama Karema na Ikola kati ya Kigoma na Zambia. Wanawake walipanda na dagaa wakishuka na vitenge vya Kongo. Kitenge chenyewe nacho ni msafiri mkubwa. Asili yake ni batiki za Java huko Indonesia, Waholanzi wakaiga kwa mashine, soko lao likawa Afrika, na leo vingi vinatoka Asia. Tunakiita cha Kongo kwa sababu ni ng'ambo ya ziwa kilikotokea kuja kwetu.

Kuna ndugu zetu wengine waliokuja na mafundo yao. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwafukuza watu wengi sana. Serikali ya Tanzania ikawapa ardhi Katumba, na miaka michache baadaye Mishamo, ambako palikuwa msitu. Ukimsikiliza mama aliyekimbia miaka ile, atakwambia alichobeba: mtoto mgongoni, na kitambaa alichombebea. Basi. Kitambaa hicho kilikuwa shuka usiku, mwavuli mchana, na pazia la kujifungulia njiani. Wengi wa watu hao na watoto wao walipewa uraia mwaka 2014, na leo ni majirani zetu tunaokutana nao kliniki na mnadani. Mkisikia mtu anasema kanga ni kitambaa tu, mkumbusheni.

SEHEMU YA 5: ENZI ZA FOLENI, NA MJADALA WA MITUMBA

Vijana mliozaliwa juzi, muulizeni bibi yenu kuhusu mwaka 1982. Halafu kaeni, maana stori ni ndefu.

Baada ya Uhuru nchi ilitaka kujivika yenyewe. Wazo zuri kabisa. Pamba tunalima, kwa nini tununue nguo? Vikajengwa viwanda: Urafiki pale Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina, kilichofunguliwa 1968, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Kiltex, na vingine. Kuna wamama mpaka leo wana kitenge cha Urafiki ndani ya sanduku, kimefuliwa miaka arobaini na rangi ipo.

Miaka hiyo hiyo mwanamke aliambiwa na avae nini. Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana mjini Dar es Salaam. Mabinti walisumbuliwa barabarani kwa ajili ya sketi. Kwa kweli wanawake wachache sana waliulizwa maoni yao.

Kisha mambo yakaharibika. Bei ya mafuta duniani ilipanda, ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaisha. Viwanda vikakosa vipuri, umeme na dawa za rangi, mashine zikasimama. Nguo zikawa za kugawiwa kwenye maduka ya ushirika na ya RTC kwa foleni. Kwa mkoa wa mbali kama Rukwa, ambao Mpanda ilikuwa ndani yake wakati ule, kilichofika kilikuwa makombo. Wazee wanasimulia watu kupokezana nguo moja nyumbani ya kutokea, na magunia kugeuzwa nguo za shamba. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi, waliokuwa na bidhaa wakazificha au kuzitupa. Mwanamke mjamzito wa wakati ule angeipata wapi kanga ya kujifungulia?

Ndiyo maana bajeti ya mwaka 1984, iliyoruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa, ikakumbukwa na wengi. Mwaka 1985 akaingia Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na milango ikafunguka zaidi. Mitumba ikamwagika. Wengine wakaiita kafa Ulaya, wakidhani ni nguo za marehemu. Waliicheka, ila waliinunua. Mtoto wa mkulima wa Kawajense aliweza kwenda shule na sweta.

Sasa mjadala. Mnasikia kila mara kwamba mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Angalieni tarehe wenyewe. Mashine zilianza kusimama mwanzoni mwa miaka ya themanini, kabla mlango haujafunguliwa. Mitumba ilikuta mgonjwa tayari kalazwa. Lakini haikumsaidia kupona pia, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia zikammalizia. Yote mawili ni kweli, na anayetaja moja tu hajamaliza kusimulia.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo hizo Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikatishia kutuondoa kwenye mpango wa AGOA uliokuwa unaruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na mwaka 2018 ikasimamishwa kunufaika kwa upande wa nguo. Yaani nguo ambayo Mmarekani ameitoa kabatini kwake imekuwa na nguvu ya kupigania nafasi yake kwetu.

Na sisi hapa Katavi tunalima pamba, Wilaya ya Tanganyika wanajua jasho lake. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii bado inauzwa nje ikiwa ghafi. Inakwenda, inakuwa fulana, inavaliwa na mtu mwingine, inarudi Mpanda ndani ya belo, na mkulima ananunua. Nani anapata faida kubwa katika mzunguko huo? Siyo mkulima, na siyo yule mama anayeuza juani. Natamani siku moja binti zangu wavae kitenge kilichofumwa hapa hapa. Lakini mpaka siku hiyo ifike, sitamwambia mama mwenye elfu tano mkononi na watoto wanne kwamba mtumba ni aibu.

SEHEMU YA 6: SOKONI LEO, NA SABABU YA MIMI KUANDIKA YOTE HAYA

Tumefika. Kwanza yale mliyosubiri, ya sokoni. Yapo machache yanayosaidia afya na mfuko.

Nenda asubuhi siku ya kufungua belo, muulize muuzaji anafungua lini, watakwambia. Za kumwaga chini si mbaya kuliko za kutundikwa, tofauti ni muda wako wa kuchambua. Ya mtoto iangalie kwa ndani: mishono, na kama vifungo vimeshika, maana kifungo kinachochomoka kinaishia mdomoni. Kamba za shingoni kata. Pamba ni bora kuliko nailoni kwa mtoto wa joto la Mpanda. Nunua kubwa kidogo, mtoto anakua kuliko mshahara. Gauni kubwa la mtu mzima la pamba, kwa fundi mzuri, linatoa magauni mawili ya mtoto. Nguo za ndani usinunue mitumba, TBS wameshazikataza na ziko mpya za bei ndogo.

Ukifika nyumbani usimvishe mtoto moja kwa moja hata kama inanukia vizuri. Fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza sana, anika juu ya kamba kwenye jua kali. Usianike kwenye majani wala chini kivulini, kuna nzi anataga mayai kwenye nguo yenye unyevu, funza wake anaingia kwenye ngozi ya mtoto na kutoa uvimbe kama jipu. Piga pasi pande zote mbili, na kwenye mishono. Hii ni kwa kila nguo na nepi, siyo mitumba tu.

Sasa sababu yenyewe.

Wapo wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki kwa ajili ya nguo. Nimelisikia kwa masikio yangu, si mara moja. "Sikuwa na gauni la kuja nalo, nesi." Wapo wanaosubiri mpaka wapate kanga tatu na nguo mpya za mtoto ndipo waje kujifungua, na uchungu hausubiri mtu. Wapo wanaoona haya kukaa kwenye benchi na wenzao waliopendeza. Tunataka mama aanze kliniki kabla ya wiki 12. Wiki hizo zinapita mama akiwaza sketi! Na mimba ikiwa na shida ya damu au presha, tunakuja kuijua tumechelewa.

Kwa hiyo nimewapitisha miaka karibu 200 ili niseme hivi. Nguo ya huku kwetu haijawahi kuwa rahisi kupatikana. Ilikuja begani kwa watu, ikaja kwa meli iliyoibuliwa majini, ikaja kwa treni, ikaja kwa foleni. Bei yake imepangwa mbali na sisi kila mara, Salem, Bombay, Dar es Salaam, Washington. Bibi zetu hawakupanga bei hiyo hata siku moja. Walichokuwa nacho ni macho ya kuchagua, sindano ya kurekebisha, na moyo wa kuazimana. Wanawake waliunga leso sita wakapata kanga. Mkimbizi alivuka mpaka na kitambaa kimoja na mtoto akawa hai.

Basi mama, kama una mimba na huna nguo unayoona inafaa, njoo na hiyo hiyo uliyovaa shambani, iwe safi tu. Sisi tunapima presha, tunapima damu, tunasikiliza moyo wa mtoto. Kanga moja iliyofuliwa na kupigwa pasi ni bora kuliko tatu mpya ambazo hujazipata bado. Zianze kuzikusanya mapema, moja kila mwezi, hata za mtumba, uzifunge kwenye mfuko wako wa safari ya leba.

Na wewe mwenye doti ya ziada kabatini, ile uliyopewa kwenye sherehe ya 2019 hujaifungua, unamjua mjamzito wa mtaani kwako. Wa Makanyagio, wa Nsemulwa, wa Majengo, yupo. Mpelekee leo jioni, na ukifika muulize ameanza kliniki lini. Kama bado, kesho mje wote wawili.